Torcello iliuawa na tope, si mbu: siku saba kwa boti-nyumba katika laguni ya Venice

#1 PondoRefu
Salaam wadau. Tumerudi wiki iliyopita kutoka laguni ya Venice, yaani yale maji ya chumvi yenye kina kifupi kati ya nchi kavu na bahari. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na mumewe. Boti-nyumba tuliichukua Casale sul Sile, tukashuka na mto Sile taratibu hadi Portegrandi. Pale milango ya maji ikafunguliwa, mto tukauacha hapo hapo, na mbele yetu yakatanda maji tambarare yenye safu za nguzo hadi macho yanapokomea. Venice yenyewe tuliiona kwa mbali tu, minara yake kama vijiti. Tulivyovifuata ni visiwa vya kaskazini: Mazzorbo, Burano, Torcello, San Francesco del Deserto na Sant'Erasmo.

Sasa hoja yangu. Kila anayekusimulia habari za Torcello anakuambia malaria ndiyo iliyowamaliza watu. Kisiwa kilichokuwa na maelfu ya wakazi, chenye askofu wake na kanisa kuu la mwaka 639, leo wakazi wa kudumu unawahesabu kwa vidole. Mimi nasema mbu alikuta kazi imeshafanyika. Torcello iliuawa na tope la mito.

Nasema hivi kwa sababu tulipwelewa. Siku ya nne, kati ya Burano na San Francesco, nilisogea nje ya nguzo kiasi cha urefu wa boti moja kupisha chombo cha mizigo. Boti ikanyamaza. Hatukusikia kishindo chochote, ilikaa tu kama mtu anavyokaa kwenye godoro. Nusu saa baadaye maji yalikuwa yametutoka pande zote, tumebaki katikati ya uwanja wa tope la kijivu linalong'aa, kaa wadogo wanatembea pale pale tulipotoka kupita, na yangeyange mmoja anakuja hadi chini ya usukani kutafuta chakula chake. Tulikaa saa sita. Nilichomeka pondo kupima, likaingia lenyewe bila kusukumwa, na nilipolichomoa lilikuwa jeusi hadi nusu yake.

Muda wote huo nilikuwa nikiutazama mnara wa kanisa la Torcello. Wewe ni mfanyabiashara, chombo chako kimejaa chumvi, na mkondo wa kufika gatini kwako unafanya hivi mwaka baada ya mwaka. Utakaa kusubiri nini?

Nawasilisha.

#2 KitiChaMbele
Ngoja nikae hapa, wajuzi wanakuja. Mkuu, picha ya yangeyange vipi?

#3 Mzee wa Bamvua
Mwanangu PondoRefu, tope usilisingizie. Mwezi ulikuwa siku ya ngapi?

#4 PondoRefu
Shikamoo mzee. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu.

#5 Mzee wa Bamvua
Marahaba. Basi jibu unalo. Ulitoka kwenye mkondo bamvua ikiwa imeshika, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji yamekwisha geuka kwenda kupwa. Hapo ukikaa, umekaa. Bahati yako ulikaa yakiwa yameshashuka kama nusu, ndiyo maana saa sita zilitosha. Ungekaa yakiwa juu kabisa, kujaa kunakofuata kungeweza kuwa kudogo kuliko kule kulikokupandisha, na kila siku bamvua ikizidi kulegea ungeona maji yanakufikia kiunoni halafu yanaondoka bila kukunyanyua.

Adriatic ni bahari ndogo, watu huidharau. Venice wakati wa bamvua maji hupishana kama mita moja tu kati ya kupwa na kujaa. Lakini mita moja kwenye sehemu yenye kina cha nusu mita ni kila kitu.

#6 Kipimajoto
Asante kwa uzi mzuri. Nimefanya kazi maabara miaka mingi na napinga kichwa cha habari.

Neno lenyewe "malaria" tumelichukua kwa Waitalia: mal'aria, hewa mbaya. Walilitunga wao kwa sababu walikuwa nayo. Italia ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 1970 tu, maana yake wazee wengi wa huko waliokuwa vijijini wanaikumbuka kwa macho yao.

Tena PondoRefu umetenganisha vitu visivyotengana. Mto ukileta tope, unaleta na maji matamu. Maji matamu yakichanganyika na ya chumvi kwenye kina kifupi, matete yanaota, maji yanatuama katikati ya matete, mbu anapata nyumba. Tope na mbu ni mtu na mdogo wake. Na kisiwa ulichokuwa unakielekea ni shahidi wangu. San Francesco "del Deserto", yaani iliyo ukiwa, wameipa jina hilo kwa sababu watawa waliikimbia katika karne ya 15 kwa ajili ya maradhi, wakarudi baadaye. Watawa hawakuwa na biashara ya chumvi ya kuwaondoa.

#7 PondoRefu
Kipimajoto hapo umenigusa. Kwenye ile nyumba ya watawa tulifika mwishowe, jioni, tumechafuka hadi magotini. Ndugu aliyetupokea alitueleza habari ya Mtakatifu Fransisko kupita hapo mwaka 1220 akitoka mashariki. Habari ya watawa kukimbia maradhi hakuitaja, wala sisi hatukuuliza. Ni mivinje tu na ukimya, unasikia kamba za boti zikikaza.

#8 Mkutubi
Naomba nirekebishe mambo matatu kabla uzi haujaenda mbali.

639 ni mwaka ulioandikwa kwenye jiwe la kuanzishwa kwa kanisa, na jiwe hilo lipo. Ila jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la mwaka 1008, chini ya askofu Orso Orseolo.

Pale uani kuna kiti cha jiwe wanachokiita kiti cha Attila. Attila, mfalme wa Wahuni, hakukikalia. Aliangamiza mji wa Aquileia mwaka 452, lakini askofu wa Altino, mji wa bara karibu na laguni, na watu wake walihamia Torcello karne ya 7, wakati wa uvamizi wa Walombardi. Ni karibu miaka 200 baadaye.

La tatu ndilo kubwa. Nyote wawili mmesahau siasa. Karne ya 10 mfalme wa Bizanti, Konstantino wa 7, aliitaja Torcello kama soko kubwa. Wakati huo makao ya mtawala, doge, yalikuwa yameshahamia Rialto, yaani Venice ya leo, tangu mwaka 810 hivi. Soko humfuata mwenye mamlaka ya kutoza ushuru. Watu wa Torcello hawakukimbia kitu, walifuata riziki umbali wa safari ya makasia ya asubuhi moja. Baadaye nyumba zilizobaki zikabomolewa na mawe yakapelekwa kujengea kwingine. Jimbo la askofu lilifutwa mwaka 1818, wakati hakukuwa tena na mtu wa kuhubiriwa.

#9 Kipimajoto
Mkutubi, mtu haachi nyumba ya mawe kwa sababu ya ushuru peke yake.

#10 Mkutubi
Anaiacha, ikiwa mawe yana mnunuzi.

#11 MamaWawili
Mimi swali langu ni la kawaida. Leseni ya unahodha inahitajika? Na watoto wa miaka sita na tisa wanaweza?

#12 PondoRefu
Dada, leseni haikuhitajika kwa boti tuliyopewa. Wanakufundisha kama saa moja, unazunguka nao kidogo, wanakuachia. Ina mwendo wa polepole, mtu anayetembea haraka ukingoni mwa Sile anakuacha. Vyumba viwili, jiko la gesi, choo cha pampu, tangi la maji ambalo ukiogesha watu wanne bila hesabu linaisha siku ya pili.

Mambo tuliyojifunza kwa shida: boti inachelewa kusikia usukani. Ukizungusha, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo omo inaanza kugeuka, na ikishaanza haitaki kuacha. Basi zungusha kidogo, subiri. Mume wa shemeji yangu alizungusha mara mbili kwa wasiwasi pale Mazzorbo tukabusu gati kwa ubavu.

Nguzo ndizo barabara. Ni miti mitatu, aghalabu ya mwaloni, imefungwa pamoja kichwani, wenyeji wanaiita bricola. Zenye namba, upande wa kibao ndio upande wa maji ya kupita. Ukiona mgongo wa kibao, umepotea. Zitazame kwa karibu maji yakipwa: pale maji yanapopanda na kushuka kila siku, mti umeliwa hadi umekuwa na kiuno, juu nene, chini nene, katikati mkono unauzunguka.

Watoto wavae jaketi za kujiokolea wakiwa sitahani, basi. Usiku hatukuruhusiwa kusafiri kwa mkataba. Na Canal Grande, mfereji mkuu wa Venice, boti za namna hii haziingii, usiwaahidi watoto.

#13 MamaWawili
Ubarikiwe kaka.

#14 Sukani_Kushoto
Sisi tulipita upande wa kusini, tulianzia Chioggia. Watu wengi hukimbilia Burano na kuisahau Pellestrina. Kile ni kipande cha ardhi cha kilomita 11, na pahala pengine upana wake unauvuka ukiwa bado unazungumza sentensi ile ile. Upande mmoja laguni imelala, upande wa pili Adriatic inapiga, katikati ni ukuta wa mawe, Murazzi, uliojengwa kati ya 1744 na 1782. Tulifunga boti jioni, wazee wamekaa kwenye viti nje ya milango yao, nyavu zimeanikwa. Mmoja akatuonyesha kwa kiganja mahali maji yalipofika ukutani kwake Novemba 1966. Bahari ilivunja ule ukuta mwaka huo, kisiwa kikahamishwa chote.

Kuhusu hoja: Pellestrina nayo ina tope, nayo ilikuwa na mbu, nayo ilikuwa mbali na doge. Mbona watu wapo hadi leo?

#15 KitiChaMbele
Hapo sasa! Mleta uzi njoo.

#16 PondoRefu
Sukani, Pellestrina haina mto mgongoni. Torcello ilikaa karibu na midomo ya Sile na Piave. Wavenice wenyewe walijua adui ni nani: walitumia karne kadhaa kuhamisha mito isimwage tope ndani. Sile waliihamisha mwaka 1683, wakaitia kwenye njia ya zamani ya Piave. Ile milango ya Portegrandi tuliyopita ni mtoto wa kazi hiyo. Serikali haihamishi mto mzima kwa kupenda, kuna jambo lililokuwa linawatisha.

#17 Mzee wa Bamvua
Hapo umesema kitu. Bandari ikijaa mchanga ni kifo cha polepole, mvuvi anakiona kabla ya mfalme.

#18 Zulia_la_Chumvi
Habari zenu. Nasoma mazingira ya pwani, nachangia moja linalonisumbua. Mnaongea kama tope ni adui wa laguni. Leo mambo yamegeuka. Mito ilipohamishwa, chakula cha nyangwa kilikatika. Zile nyangwa zenye majani ya chumvi ambazo wenyeji wanaziita barene zimepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20. Miaka ya 1960 wakachimba mkondo wa meli za mafuta kutoka pito la bahari la Malamocco hadi bandari ya viwanda ya Marghera, mpana na wenye kina, na maji yanayotoka kwa kasi yanabeba udongo na kuupeleka baharini. Mawimbi ya boti zenye injini nayo yanakula kingo. Laguni ina takriban kilomita za mraba 550, na sehemu kubwa ni kina kifupi kinachoishi kwa udongo huo huo.

Kwa hiyo PondoRefu, lile tope lililokushika saa sita, lithamini. Lingeondoka, pasingekuwa na kaa wala yangeyange.

#19 PondoRefu
Hili sikulijua, na limenikaa moyoni. Tulikuwa tukiona vigingi vidogo na mafungu ya matawi kwenye kingo za nyangwa, tukadhani ni ya wavuvi. Mke wangu alisema huenda ni ya kuzuia ardhi isimomonyoke, nikambishia. Leo jioni namsomea bandiko lako.

#20 Kofia_ya_Majani
Nageuza kidogo. Burano, zile rangi za nyumba zimetoka wapi? Nilipokwenda niliambiwa ni ili wavuvi wazione nyumba zao katika ukungu.

#21 Sukani_Kushoto
Mimi niliambiwa ni mipaka: nyumba zimeshikana, rangi inaonyesha yako inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi.

#22 Kipimajoto
Mimi nilisikia chokaa ya wakati wa tauni, nyumba yenye mgonjwa ikipakwa ili ijulikane.

#23 Kofia_ya_Majani
Kipimajoto, kwako kila kitu ugonjwa!

#24 Kipimajoto
Laguni hii ndiko ilikofunguliwa hospitali ya kudumu ya kwanza ya wagonjwa wa tauni, kisiwa cha Lazzaretto Vecchio, mwaka 1423. Na Lazzaretto Nuovo mwaka 1468, wasafiri na bidhaa walikaa hapo kwanza kabla ya kuruhusiwa mjini. Ugonjwa ndio uliopanga visiwa hivi, dada yangu, sikuuleta mimi.

#25 Mkutubi
Kuhusu Burano, hadithi ya ukungu ni nzuri lakini fikiri: mvuvi akishafika karibu kiasi cha kuona rangi, amekwisha fika. Ninachokijua kwa hakika ni cha leo: huwezi kupaka rangi unayoitaka, lazima uombe ruhusa ya manispaa, na wao wanakuambia rangi zipi zinakubaliwa kwa nyumba yako.

#26 Sukani_Kushoto
Mkutubi, mimi nimeingia Burano asubuhi ya ukungu. Kabla sijaona nyumba hata moja niliona doa jekundu limening'inia hewani, halafu la bluu. Nyumba nyeupe za pembeni zilikuwa hazipo kabisa. Sibishani, nasema nilichokiona.

#27 Mvua_za_Novemba
Ninakwenda mwezi wa kumi na moja, naogopa mafuriko. Nimesoma mwaka 2019 maji yalifika karibu mita mbili barabarani. Mtu na boti-nyumba anafanyaje?

#28 Zulia_la_Chumvi
Mvua, namba hiyo inawachanganya wengi. Tarehe 12 Novemba 2019 kipimo kilikuwa sentimita 187, na mwaka 1966 kilikuwa 194. Lakini vinahesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari uliowekwa mwaka 1897, havianzii kwenye sakafu ya barabara. Uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko kwingi, huanza kulowa kwenye sentimita 80 na kitu. Kwa hiyo mtu aliyesimama hapo 2019 alikuwa na maji ya mita moja hivi. Bado ni mengi na yaliumiza watu, lakini si mita mbili.

Tangu tarehe 3 Oktoba 2020 kuna milango ya MOSE, 78, imelala chini kwenye mapito matatu yanayounganisha laguni na bahari: Lido, Malamocco na Chioggia. Hujazwa hewa ikanyanyuka bahari inapotishia kuingia.

#29 Mzee wa Bamvua
Na hapo mjue si mwezi peke yake. Ni mwezi pamoja na upepo. Sirokko ikivuma siku mbili kutoka kusini-mashariki inasukuma maji ya Adriatic yote yajae kule juu kwenye kona. Bamvua peke yake haifanyi hivyo. Mwanangu Mvua, Novemba si mwezi wa boti-nyumba. Nenda Mei.

#30 Kofia_ya_Majani
Mei nakubaliana na mzee. Tena mwishoni mwa Aprili hadi Mei ndipo Sant'Erasmo wanapovuna atichoki zao za zambarau. Chipukizi la kwanza la kila mmea, castraure, wanalikata mapema ili mengine yaote, na hilo ndilo linalotafutwa. Tuliuziwa na mama mmoja kando ya njia, akatuonyesha kwa kisu chake namna ya kumenya hadi majani yawe laini, tukala mabichi na mafuta na chumvi. Kile kisiwa ni bustani tupu, baiskeli na mifereji. Usiku nilisikia vyura.

#31 Mvua_za_Novemba
Vyura maana yake maji matamu, na maji matamu maana yake mbu. Naanza kumwelewa Kipimajoto.

#32 Kipimajoto
Karibu sana upande wetu.

#33 Fundi_Kokoto
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni fundi wa mawe, na nilikwenda Torcello kwa jambo moja tu: madirisha ya kanisa kuu. Yana vibao vya kufungia vya mawe. Bamba zima la jiwe, na linazunguka kwenye bawaba za mawe pia. Niliweka kiganja, lilikuwa baridi, limelainika pembeni kama sabuni iliyotumika. Mtu anayechonga dirisha la namna hiyo hajengi kwa ajili ya miaka hamsini.

Sasa najiuliza tofauti na nyinyi. Mnatafuta lililowaondoa watu. Mimi nataka kujua nani alibaki kulipaka mafuta, kulisafisha, kuziba paa, wakati wengine wamekwisha ondoka. Maana lile kanisa halikubomolewa kama nyumba. Kuna watu walibaki na tope lile na mbu wale.

#34 PondoRefu
Fundi, asante. Asubuhi ya mwisho tuliamka tumefunga boti karibu na Torcello, kabla chombo cha kwanza cha abiria hakijafika. Mzee mmoja alipita kwenye mfereji amesimama, anapiga kasia akitazama mbele kama wanavyofanya huko, mashua yake bapa haina hata kina cha shubiri mbili. Pale tuliposhindwa sisi alipita bila kuangalia nguzo. Sikupata kumuuliza kama anaishi pale.

#35 Mkutubi
Mashua bapa kama hiyo inadhoofisha hoja yako ya tope, unajua? Mwenye sandolo, ndiyo mashua hiyo, hahitaji kina.

#36 PondoRefu
Mwenye sandolo hapana. Mwenye shehena ya chumvi ndiyo. Sijahama hapo.

#37 MamaWawili
Tumelipia, tunakwenda Mei tarehe za mwanzo. Kaka PondoRefu, pale Mazzorbo mnafunga upande gani wa mfereji? Na kweli kuna daraja la kwenda Burano kwa miguu?

#38 PondoRefu
Daraja lipo, la mbao, dakika chache tu umefika. Sisi tulifunga upande wa daraja, lakini soma vibao kwanza, sehemu nyingine ni za wenyeji. Acha kamba ilegee kiasi, maji yakipwa usiku boti isije ikaning'inia.

#39 Mzee wa Bamvua
Na kabla ya kulala, binti yangu, tazama mwezi.